Deni la Kijana: Baraza la Jamaa katika Sheria ya New Zealand

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hii yatufunza kuwa wakati wa kunyoosha tabia ni ujanani. Walakini haikusema ni mkono wa nani ufaao kumkunja. Je, ni mkono wa dola au mkono wa jamaa? Swali hilo ndilo lililoleta mageuzi ya sheria ya vijana katika New Zealand.

Kabla ya kutawaliwa na Waingereza, Wamaori hawakuwa na magereza. Kosa la mtu mmoja lilihesabiwa kuwa deni la ukoo wake. Shauri lilisemwa katika marae, yaani uwanja wa mikutano wa ukoo, na malipo yalitolewa mpaka mizani ikakaa sawa. Malipo hayo wao huyaita utu. Neno hilo limefanana na letu kwa sauti tu, wala halina udugu nalo. Baada ya Mkataba wa Waitangi wa mwaka 1840, sheria ya Kiingereza ilienea. Nayo ilimshika mkosaji peke yake, ikamtoa mikononi mwa watu wake.

Katika karne ya 20, watoto wengi wa Kimaori walipelekwa katika makao ya serikali, mbali na wazee wao. Wengi waliteswa humo, kama ilivyothibitisha tume ya uchunguzi iliyotoa taarifa yake ya mwisho mwaka 2024. Lakini onyo lilikwisha kutolewa zamani. Kamati iliyoongozwa na mzee John Rangihau, ambayo taarifa yake ilichapishwa mwaka 1988, ilisema waziwazi kwamba ubaguzi ulikuwa umejengeka ndani ya idara yenyewe ya ustawi wa jamii.

Sheria mpya ilianza kutumika tarehe 1 Novemba 1989. Iliunda Mahakama ya Vijana, na pamoja nayo baraza la jamaa. Hapo hukutana kijana, jamaa zake, aliyekosewa au mwakilishi wake, na polisi, chini ya mratibu. Kosa huelezwa, aliyekosewa hutaja hasara na uchungu wake, kisha jamaa huachwa faraghani wapatane la kufanya: kuomba radhi, kulipa fidia, au kufanya kazi ya manufaa. Mashtaka ya kuua hayamalizwi kwa njia hii.

Wako wasemao kuwa huo ni ulegevu. Mimi sioni hivyo. Kizimbani kijana aweza kunyamaza, wakili akamsemea. Barazani hutazamana na mtu aliyemwibia, huku nyanya yake akisikia. Aibu hiyo ni nzito, ila ina mlango wa kutokea, maana deni likilipwa hurudi kuwa mtu miongoni mwa watu.

Hata hivyo, yatupasa tusisifu kupita kiasi. Mwaka 1988 mwanasheria Moana Jackson alitaka Wamaori wawe na mfumo wao wenyewe wa haki, serikali ilikataa. Dola iliazima adabu ya baraza, lakini haikutoa mamlaka yake. Mratibu alibaki mtumishi wa serikali, na vijana wa Kimaori wangali wengi mahakamani kuliko fungu lao katika taifa. Mwaka 2008 hatua nyingine ilichukuliwa mjini Gisborne: kikao cha Mahakama ya Vijana kilihamia katika marae, mbele ya wazee, kufuatilia ahadi zilizofanywa barazani. Lakini hata hapo hakimu ni wa dola.

Afrika Kusini nayo iliingiza baraza la jamaa katika sheria yake ya watoto ya mwaka 2008. Basi nchi nyingine zitakapofuata, na zijihadhari. Kuketisha wazee ni jambo jepesi; jambo gumu ni kuwaachia uamuzi na kuwapa fedha za kuutimiza. Mzee aitwaye barazani ili akubali lililokwisha kuamuliwa ofisini hakunji samaki. Ameitwa kushuhudia akikunjwa.