Mhariri wa Filamu na Zana Zake: Funzo la Mwaka 2011

Sanaa ya filamu ni kazi ya mikono mingi. Mtazamaji aketiye ukumbini huwaona waigizaji, na pengine hulijua jina la mwongozaji; lakini ni nadra kumkumbuka yule aliyekaa miezi mingi chumbani akichagua vipande vya picha, akivikata na kuviunganisha hata vikawa kisa kimoja. Huyo ndiye mhariri wa filamu. Katika insha hii tutaeleza jinsi zana zake zilivyobadilika, na hasa jinsi toleo jipya la programu moja ya kompyuta lilivyovuruga, mwaka 2011, utaratibu wa kazi uliojengwa kwa muda mrefu. Shabaha yetu si kuisifu mashine wala kuilaani. Tunataka kuonyesha kwamba zana ya sanaa ikiwa katika mamlaka ya mtu mwingine, mwenendo wa sanaa yenyewe nao huwa katika mamlaka yake.

Hapo zamani mhariri alishika kazi yake kwa vidole. Mashine ya Moviola, iliyobuniwa Marekani mwaka 1924 na Iwan Serrurier, ilimwezesha kutazama ukanda wa filamu polepole na kuamua mahali pa kukata. Ukanda wa milimita 35 una picha 16 katika kila futi, na kila sekunde hupita picha 24. Kwa hiyo filamu ya dakika 100 ilikuwa na urefu wa futi 9,000. Kingoni mwa ukanda zilichapwa namba. Mhariri aliikata nakala tu. Alipomaliza, fundi mwingine alizifuata namba zile na kuikata negativu kwa uangalifu mkubwa, maana kosa lake halikuwa na dawa. Namba hizo zilikuwa hati ya makabidhiano baina ya mafundi. Na kama meza ya mhariri iliharibika, meza nyingine yoyote ya kipimo kile iliweza kuusoma ukanda uleule.

Kompyuta ilipoingia, mikasi na gundi viliwekwa kando. Mwaka 1989 kampuni ya Avid ya Marekani ilianza kuuza mtambo wa kuhariri kwa kompyuta, na filamu ya The English Patient ya mwaka 1996, iliyohaririwa na Walter Murch, ikawa ya kwanza iliyohaririwa kwa njia hiyo kupata tuzo ya Oscar ya uhariri. Lakini mitambo hiyo ilikuwa ya bei kubwa. Mwaka 1999 kampuni ya Apple ilitoa programu iitwayo Final Cut Pro, iliyoanza kutayarishwa katika kampuni ya Macromedia chini ya Randy Ubillos, mtu yuleyule aliyekuwa ameandika matoleo ya kwanza ya Adobe Premiere. Programu hii iliweza kutumika katika kompyuta ya kawaida ya Macintosh, na kwa sababu hiyo ilienea upesi miongoni mwa wanafunzi, watengenezaji wadogo na vituo vya televisheni. Murch mwenyewe aliitumia katika Cold Mountain ya mwaka 2003. Kirk Baxter na Angus Wall waliitumia katika The Social Network ya mwaka 2010, wakapata Oscar mwanzoni mwa mwaka 2011.

Ni lazima ieleweke kwamba hata katika zama za kompyuta mhariri hamalizi kazi peke yake. Picha zikishapangwa, fundi wa sauti huhitaji kujua kila sauti inaanza wapi na kuishia wapi. Fundi wa rangi huhitaji orodha ya vipande vyote pamoja na namba za wakati wake. Ile hati ya makabidhiano iliyokuwa kingoni mwa ukanda ilihamia katika mafaili ambayo programu moja huandika na nyingine husoma. Mafaili hayo ndiyo uzi unaoshona kazi ya mafundi wote.

Tarehe 21 Juni 2011 Apple ilitoa Final Cut Pro X. Halikuwa toleo la zamani lililotiwa viraka. Liliandikwa upya ili liendane na kompyuta mpya zenye nguvu zaidi. Bei yake ilikuwa dola 299.99, hali mkusanyo wa zamani uliokuwa na Final Cut Pro ya 7 uliuzwa kwa dola 999. Lilifanya kazi kwa kasi, na liliondoa zile safu za picha na sauti ambazo wahariri walikuwa wamezizoea. Lakini halikuweza kufungua kazi zilizofanywa katika toleo la 7. Halikuweza kupanga pamoja picha za kamera kadhaa zilizopiga tukio moja. Na jambo zito kuliko yote, halikuweza kuandika yale mafaili ya makabidhiano yaliyotegemewa na mafundi wa sauti na rangi. Wakati huohuo toleo la zamani liliondolewa sokoni.

Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba wahariri wa kipindi cha televisheni cha Conan O'Brien walitengeneza mchezo wa dhihaka juu ya programu hiyo. Apple ilianza kusahihisha: Septemba 2011 mafaili ya makabidhiano ya mtindo mpya yaliwezekana, na Januari 2012 picha za kamera nyingi zikarudi. Mwaka 2015 ilitoka Focus, filamu ya Hollywood iliyohaririwa kwa programu hiyo. Hata hivyo, imani ya wengi ilikuwa imekwisha kuvunjika. Kirk Baxter aliihariri Gone Girl ya mwaka 2014 kwa Adobe Premiere. Lakini Adobe nayo ilikuwa imetangaza mwaka 2013 kwamba matoleo yake mapya yangepatikana kwa malipo ya kila mwezi au mwaka. Aliyekimbia zana iliyobadilishwa bila yeye kuulizwa alifikia kwenye zana ya kukodi.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Filamu ya Korea Kusini, Parasite, iliyopata Oscar ya filamu bora mwaka 2020, ilihaririwa na Yang Jinmo kwa Final Cut Pro ya 7, programu iliyotolewa mwaka 2009. Kazi yake inathibitisha kwamba ufundi haukai katika upya wa zana. Lakini mbacha huo nao haukuachwa utulie, kwani mfumo wa uendeshaji wa kompyuta za Macintosh uliotolewa mwaka 2017 haukuikubali tena programu hiyo. Aliyetaka kuendelea nayo alilazimika kuitunza kompyuta ya zamani pamoja nayo.

Jambo hili linatuhusu sisi pia. Arusi ya Mariamu, filamu ya Tanzania ya mwaka 1985, ilipigwa kwa ukanda wa milimita 16. Ukanda wa namna hiyo ukitunzwa vema, mkato wake huonekana kwa macho matupu. Faili la kazi la filamu ya siku hizi, kinyume chake, husomwa kwa idhini ya programu iliyoliandika. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha uhariri na afundishe kwanza sababu ya kukata, kisha ndipo afundishe kitufe cha kukatia. Naye mwanafunzi akimaliza filamu yake, ahifadhi mbali na programu picha na sauti za asili, nakala kamili ya filamu, na orodha ya mikato yake iliyoandikwa kwa maneno na namba za kawaida. Orodha hiyo itasomeka hata baada ya programu yenyewe kuondolewa sokoni.