Nadhiri za Udongo za Waetruski

Miguu, mikono, macho, masikio, matiti, vichwa, hata matumbo: vyote vya udongo wa kuchoma, vimefukuliwa kwa maelfu Italia ya kati. Waetruski na majirani zao Walatini walivipeleka mahekaluni, hasa kati ya karne ya 4 na ya 2 KK, kuomba uzima au kuondoa nadhiri baada ya kupona.

Vitabu vya Waetruski vimepotea karibu vyote, na makaburi yao yenye michoro, kama ya Tarquinia, ni ya matajiri. Kwangu mimi vipande hivi vina thamani kuliko dhahabu yao, maana vimebeba hofu za mtu wa kawaida. Mfinyanzi alikandamiza udongo kwenye kalibu, akautoa, akauanika, akauchoma. Kalibu moja ilizaa miguu mingi inayofanana. Tena ugonjwa hauonekani: vidole vitano, kucha zimechorwa, donda au uvimbe ni nadra mno. Aliyeuleta mguu ndiye aliyejua unauma wapi.

Kilichowahangaisha wengi ni uzazi. Gravisca, bandari ya Tarquinia, walikoabudiwa miungu ya kike Uni na Turan, vimepatikana vizazi vya udongo kwa wingi. Kizazi kilifinyangwa kama mfuko wenye mdomo, na mikunjo ikiuzunguka. Huko Vulci, kwenye hekalu la Fontanile di Legnisina, baadhi vilipopigwa eksirei vilionekana vina kigololi kimoja au viwili vya udongo ndani. Wapo wataalamu wanaosema hiyo ni mimba, nami nakubaliana nao. Mfinyanzi alivitia humo kabla ya kuziba, mahali ambapo jicho la mtu lisingefika. Mahekalu mengine yametoa watoto wachanga wa udongo, wamefungwa nguo mwili mzima.

Moyo, mapafu na ini navyo vilitolewa, mara nyingi vikifanana na vya mnyama. Si ajabu: viungo vya ndani walivijua kwa kuchinja kafara, na makuhani wao walisoma ini kutafuta matakwa ya miungu. Ini la kondoo la shaba lililookotwa karibu na Piacenza mwaka 1877 limeandikwa majina ya miungu hiyo.

Hekalu likijaa, nadhiri zilizikwa mashimoni humohumo kwenye eneo takatifu, kwa kuwa mali ya mungu haitupwi. Mashimo hayo ndiyo yaliyozihifadhi.

Mwaka 1895 daktari Luigi Sambon, aliyejulikana baadaye kwa utafiti wa magonjwa ya nchi za joto, aliandika katika British Medical Journal kuhusu mkusanyo wa Oppenheimer wa vitu hivi. Aliviangalia kwa jicho la tabibu. Lakini vitu vingi vilivyouzwa kwa wakusanyaji wa zama hizo havikuandikiwa vilitoka shimo gani, na hasara hiyo hailipiki: kiungo unakiona, mungu aliyeombwa humjui. Vya Vulci vilichimbuliwa na wanaakiolojia palepale vilipowekwa, ndiyo maana tunajua vilipelekwa kwa Uni na mungu mwingine wa kike, Vei.