Hukumu ya Kununua Komba na Wanyama wa Mwituni Njiani Masasi na Newala

Bismillahir Rahmanir Rahim.

SUALI: Mume wangu huenda Masasi na Newala kila msimu wa korosho. Safari hii amekuta vijana njiani wanauza kitoto cha komba kwa bei ndogo. Watoto wanataka aletewe hapa Unguja wamfuge. Je, inafaa kumnunua?

JIBU: Sifa njema zote ni za Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake.

Dada yetu, mas-ala haya yana mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kufuga mnyama, na mahali anaponunuliwa. La kwanza ni jepesi. La pili ndilo lenye uzito.

Asili ya kufuga ni halali

Anas bin Malik (R.A.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba nduguye mdogo Abu Umayr alikuwa na kijindege cha kuchezea. Mtume (S.A.W.) alimtania kwa habari za ndege huyo, wala hakumkataza. Na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamejuzisha kuuza tausi kwa uzuri wa rangi yake na ndege kwa uzuri wa sauti yake. Lakini imepokewa pia, katika vitabu hivyo hivyo, habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia. Hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Basi kufuga ni amana.

Je, anayeuza anamiliki?

Imamu Nawawi katika Minhaj ametaja masharti matano ya kitu kinachouzwa: kiwe tohara, kiwe na manufaa, kiweze kukabidhiwa, kiwe ni milki ya anayeuza, na kijulikane. Komba wa njiani anakwama kwenye sharti la milki. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 imewafanya wanyamapori wa Tanzania Bara kuwa mali ya umma, chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Kuwakamata na kuwauza kunataka leseni au kibali. Kijana aliyesimama barabarani na komba kwenye kikapu anauza kisicho chake.

Huenda mtu akasema: mnyama wa mwituni ni mubaha, amkamataye ndiye mwenyewe. Ndiyo asili yake. Lakini mwenye mamlaka anaweza kuwekea mipaka jambo la mubaha kwa maslaha ya wote. Katika Bukhari imo kwamba Mtume (S.A.W.) aliihifadhi ardhi ya Naqi', na Umar (R.A.) akazihifadhi Saraf na Rabadha. Mipaka ya namna hii ikiwekwa kwa maslaha, kuiheshimu ni katika utiifu tulioamrishwa.

Kitoto kimepatikanaje?

Komba jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja au wawili. Usiku anapokwenda kutafuta wadudu, matunda na utomvu wa miti, humwacha mtoto tunduni au ameng'ang'ania tawi. Hapo ndipo anapochukuliwa. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.) kwamba masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akawa anapapatika juu yao. Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemhuzunisha, akaamrisha arejeshewe watoto wake. Hadithi hii inatosha kutupa jibu la kile kikapu.

Tena kuna madhara mapana zaidi. Kaskazini ya uwanda wa Makonde, kwenye msitu wa Rondo mkoani Lindi, yuko komba mwenye uzito wa gramu 60 hivi, asiyepatikana duniani ila katika misitu michache ya pwani ya Tanzania. Mnunuzi wa njiani hawezi kumtofautisha na komba mwengine. Na sisi wa visiwani tunajua biashara hii inapoishia. Kobe wakubwa wa Changuu, ambao asili yao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, waliibiwa na kuuzwa hata katika miaka ya 1990 wakabaki wachache, ikabidi wazungushiwe uzio na kuwekewa ulinzi.

"Namnunua kwa huruma"

Nia ni njema, lakini njia si njema. Fedha ya huruma na fedha ya anasa, kwa muuzaji, ni moja: kesho atarudi msituni kutafuta mwengine. Allah katika Suratul Maida, aya ya 2, ametukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Mwenye huruma ampashe habari afisa wanyamapori wa wilaya, au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA).

Tohara ya nyumba

Komba ana tabia ya kukojolea viganja na nyayo zake, kisha akaruka huku na huku usiku kucha. Mkojo wa mnyama katika madhehebu yetu ni najisi. Mama wa nyumba afikirie mikeka, mito na nguo za kusalia.

Wapi basi inunuliwe?

Watoto wanunuliwe njiwa, sungura au kuku waliozaliwa bandani, kwa mfugaji ambaye mzazi anaweza kwenda kuwaona wazazi wa mnyama huyo. Ndugu zetu wa Maskati wanaouliza kuhusu shuga glaida, mnyama mdogo wa Australia na Nyugini, kipimo chao ni hicho hicho: amezaliwa wapi, nani amemzalisha, na karatasi zake ziko wapi? Muuzaji akibabaika, ondokeni.

Aliyekwishanunua

Atubu, amlishe vyema, wala asimwachie Jozani wala kichaka chochote, kwani kitoto kilichotengwa na mama hakijui kujitafutia, na aliyetoka Bara huenda akawa na maradhi. Ampeleke Idara ya Misitu, Maruhubi, awaeleze ukweli.

Khulasa

Tunavyoona, haijuzu kumnunua komba huyo wala mnyama mwengine wa mwituni asiye na kibali, hata kwa shilingi moja. Mwambie mumeo arudi na korosho, na watoto wapate njiwa.

Wallahu a'lam.