Kiselema cha Kaitaba

Wahenga walinena: usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Atakaye kuuona ukweli wa neno hili na aitazame Kagera Sugar, timu ya kandanda ya kiwanda cha sukari cha Missenyi, ambayo uwanja wake ni Kaitaba, mjini Bukoba.

Asili yake ni mashamba ya miwa yaliyo karibu na mpaka wa Uganda. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia sehemu hiyo, na kiwanda kikaporwa. Baada ya vita, mkoa ulioitwa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto Kagera. Lakini kiwanda kilisuasua miaka mingi, hata kilipobinafsishwa mwaka 2001 ndipo kilipoanza kufufuka. Timu iliyobeba jina lake ikaingia Ligi Kuu, ikadumu humo takriban miongo miwili.

Ubingwa haikuupata. Sifa yake ni ya namna nyingine. Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliipiga Bukoba, na Kaitaba pakawa mahali pa kuwaaga waliofariki. Msimu huohuo timu ya mji uliofiwa ilimaliza ya tatu, nyuma ya Yanga na Simba.

Aprili 2017 iliifunga Simba 2–1 hapo Kaitaba. Simba wakalalamika kuwa beki Mohamed Fakhi alicheza akiwa na kadi tatu za manjano. Wakapewa pointi mezani, kisha wakapokonywa. Ligi ilipokwisha, Yanga na Simba walilingana kwa pointi, na Yanga wakatawazwa kwa tofauti ya mabao. Pointi za Kaitaba ndizo zilizouamua ubingwa.

Tarehe 19 Mei 2018 Simba walikuwa mabingwa tayari, hawajafungwa msimu mzima, na Rais John Magufuli yuko uwanjani Dar es Salaam kuwakabidhi kombe. Edward Christopher akatia bao la pekee. Dakika za mwisho Juma Kaseja, aliyepata kuwa kipa wa Simba, akaipangua penalti ya Emmanuel Okwi. Kombe likatolewa kwa walioshindwa.

Mwaka 2025 Kagera Sugar ilishuka daraja. Orodha ya mabingwa haitaitaja. Lakini atakayeisimulia misimu hiyo miwili akaiacha Bukoba, atasema nani alitwaa kombe, asiweze kusema alilipataje.