Mbwa mwitu si mbwa

Juma hili naomba tulichambue jina moja. Sisi wa mijini tukitamka "mbwa mwitu" tunadhani tumetaja mnyama mmoja. Kumbe tumetaja wawili.

Wa kwanza ni wa kwetu: ana mabaka meusi, meupe na ya manjano, masikio makubwa ya mviringo, na huwinda kwa kundi. Wa pili ni wa Kitabu. Wafasiri wa Biblia, walipofika kwenye onyo la manabii wa uongo waliojivika ngozi ya kondoo, walimkuta mnyama wa Palestina asiyejulikana pwani yetu. Wakamwazimia jina la huyu wetu. Jirani zetu walifanya vivyo hivyo. Ukitoka Ngara ukavuka daraja la Rusumo, katika Injili ya Kinyarwanda utamkuta akiitwa isega. Ukipanda hadi Buganda, yeye ni omusege. Nikiyasikia maneno hayo mawili, nasikia ndugu wa tumbo moja.

Kihangaza cha Ngara nacho ni jamaa wa karibu wa Kinyarwanda na Kirundi. Lakini mtoto wa Ngara au Biharamulo akiingia darasa la kwanza, anapewa "mbwa mwitu" basi. Neno la kale, lililompa mnyama jina lake mwenyewe, linabaki kwa wazee.

Mnyama naye ametoweka mahali pengi. Ng'ambo ya Mto Kagera, Hifadhi ya Akagera iliyoanzishwa mwaka 1934 ilikuwa na mbwa mwitu wengi hata ikapewa kwa Kifaransa jina la utani la hifadhi yao. Maradhi yakawamaliza, wa mwisho alionekana mwaka 1984. Upande wetu, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Kwa nini nasema jina lina uzito? Kwa sababu mbwa katika Kiswahili ni tusi. Aitwaye mbwa hana wa kumlilia. Enzi za ukoloni, katika sehemu nyingi za Afrika, askari wa wanyamapori wenyewe waliwapiga risasi mbwa mwitu, wakiwahesabu kuwa waharibifu. Huko Serengeti walitoweka mwaka 1991, hata ikabidi mwaka 2012 warudishwe wengine kutoka Loliondo. Wataalamu nao walikosea: Temminck, alipomwandika mwaka 1820, alimdhania fisi! Ukweli ni kwamba si fisi wala si mbwa wa nyumbani. Miguu yake ya mbele ina vidole vinne, ya mbwa ina vitano, na hawazaliani. Kundi likiua, watoto hutangulia kula, na mgonjwa aliyebaki nyuma hutapikiwa nyama.

Sasa tazameni tulivyolitumia jina hilo. Mnamo mwaka 2014 jijini Dar es Salaam lilivuma genge la vijana waporaji lililojulikana kama Mbwa Mwitu. Gazeti likaandika, redio ikatangaza, na mtaani kijana yeyote aliyekimbia akawa mbwa mwitu. Mbwa mwitu hupigwa mawe kwanza, kuulizwa baadaye.

Watu wa Ngara wanalijua jambo hili kuliko sisi. Mwaka 1994 waliona maiti zikielea katika Mto Kagera. Kabla ya panga, wale waliouawa walikuwa wameitwa inyenzi, yaani mende. Jina lilitangulia, kifo kikafuata.

Sisemi mwizi asishtakiwe. Nasema ashtakiwe kwa jina lake alilopewa na mamaye, mbele ya hakimu. Na huyo wa porini, wazee wa Ngara na Biharamulo wangali hai: waalimu, wapelekeni watoto wakawaulize alikuwa akiitwaje kabla hatujamwita mbwa.