Maandamano, Jarida na Usajili: Uhuru wa Kusema Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Mjadala kuhusu kanuni za kujieleza vyuoni kwa kawaida huanzia kwenye maandamano: nani atoe kibali, polisi wapewe taarifa lini, msafara upite wapi. Hoja iliyozoeleka ni kwamba kanuni hizo hulinda masomo na amani, hivyo zikiwa wazi mvutano utapungua. Historia ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, haiiungi mkono hoja hiyo. Tukio linalofundisha zaidi kuhusu mipaka ya kusema pale halikuwa na maandamano.

Mfano wa maandamano unaotajwa mara nyingi ni wa tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga utumishi wa lazima wa Jeshi la Kujenga Taifa, ambao kwa miezi 18 ungewaachia asilimia 40 tu ya mshahara. Baadhi ya mabango yalidai kwamba afadhali ukoloni. Rais Nyerere aliwasikiliza, akatangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na wanafunzi 393 wakafukuzwa. Hapa anayetetea amani ana pa kushika: palikuwa na umati, tena kwenye lango la Ikulu.

Novemba 1970 umati haukuwapo. USARF, chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto kilichoasisiwa mwaka 1967 na kuwahi kuongozwa na Yoweri Museveni, kilikuwa na jarida lake, Cheche, lililoanza kutoka Novemba 1969. Lilikuwa jarida la mashine ya kurudufu: makala zilipigwa taipu kwenye stensili, kisha kurasa zikakusanywa na kubanwa kwa mikono. Septemba 1970 toleo maalumu lilichapa uchambuzi wa Issa Shivji kuhusu matabaka, uliohoji kama utaifishaji uliofuata Azimio la Arusha ulikuwa umevunja kweli utegemezi kwa ubepari wa nje. Miezi miwili baadaye chama na jarida vyote vilipigwa marufuku. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: Vijana wa TANU, yaani umoja wa vijana wa chama tawala, walitosha chuoni, na jina la jarida liliazimwa kutoka gazeti la Lenin ilhali Tanzania ilikuwa na itikadi yake. Hakuna kioo kilichovunjwa, wala kipindi kilichokatizwa.

Lililofuata ndilo lenye uzito. Wanachama kadhaa wa USARF walikuwa pia Vijana wa TANU. Mwaka 1971 tawi la Vijana hao chuoni lilianza kutoa Majimaji, na baadhi ya waliokuwa Cheche wakaendelea kuandika humo, Umarx wao ukiwa vile vile. Kama tatizo lingekuwa fikra zenyewe, Majimaji lisingeruhusiwa. Inaelekea basi kwamba kilichogombewa ni umiliki wa jukwaa: sauti ilivumilika mradi ipitie chombo ambacho chama tawala kingeweza kukiwajibisha.

Inaweza kujibiwa kwamba hayo ni mambo ya mfumo wa chama kimoja. Jibu hilo lina ukweli, ila linapita haraka mno juu ya mwaka 1978. Maandamano ya Machi mwaka huo dhidi ya marupurupu ya viongozi yalisababisha mamia ya wanafunzi kufukuzwa. Wengi walisamehewa baadaye. DUSO, jumuiya ya wanafunzi, haikusamehewa. Nafasi yake ilichukuliwa na MUWATA, iliyofungamana na chama tawala, CCM, na hadi jumuiya mpya, DARUSO, ilipoundwa wanafunzi hawakuwa na chombo huru. Adhabu ya mtu ilikuwa na mwisho, ya chombo haikuwa nao.

Aprili 1990 jumuiya za wanataaluma zilipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma, ambalo uhuru wa kujiunga ni sehemu yake. Mwezi uliofuata chuo kilifungwa, kikafunguliwa Januari 1991. Azimio hilo halina nguvu ya kisheria. Ibara ya 20 ya Katiba, kuhusu uhuru wa kukusanyika na kujiunga, inayo, lakini mabishano mengi yanayoitumia huishia kwenye taarifa ya saa 48 kwa polisi kabla ya maandamano, huku mamlaka ya kusajili au kufuta jumuiya ya wanafunzi yakiguswa kwa nadra.