Jina la Ukoo na Ubini: Kufuatilia Nasaba Ushirombo

Jina la ukoo ni istilahi inayotumika Tanzania kutaja jina la mwisho la mtu, lile linalodhaniwa kurithiwa kutoka kwa baba na babu na kuwaunganisha ndugu wa upande mmoja. Fomu ya benki, ya shule au ya kitambulisho huwa na nafasi tatu: jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo. Istilahi imezoeleka kiasi kwamba ni wachache wanaouliza ukoo unaotajwa pale ni upi. Swali hilo huibuka mtu anapoanza kutafuta asili ya jina lake katika vitabu vya parokia, daftari za kodi na maandishi ya wazee, na katika sehemu kama Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe mkoani Geita, huibuka mapema sana.

Ukoo ni kundi la watu wanaojihesabu kuwa wametokana na mhenga mmoja, hata kama hawawezi kutaja kila ngazi iliyo kati yao na yeye. Ndani ya ukoo kuna milango, na ndani ya mlango kuna nyumba. Mfuatano wa vizazi huitwa nasaba. Orodha ya majina yaliyopangwa kwa kufuatana ni silsila, na mchoro wake ni shajara, neno la Kiarabu lenye maana ya mti. Lipo neno jingine ambalo kamusi zimelihifadhi na fomu zimelisahau: ubini. Limetokana na bin, yaani mwana wa, na hutaja jina la baba linalofuata jina la mtu. Hitilafu yote inayozungumzwa hapa inatokana na fomu kuuliza ukoo na watu kujibu kwa ubini.

Pwani tofauti hiyo haikuhitaji kufundishwa. Mfanyabiashara mashuhuri wa karne ya 19, Hamed bin Muhammad el Murjebi, alibeba yote kwa mpigo. Bin Muhammad ni ubini. El Murjebi ni nisba, jina la kundi la nasaba alilotoka, na ndilo pekee kati ya majina yake linalostahili kuitwa jina la ukoo. Tippu Tip, alilojulikana nalo kutoka Unyanyembe hadi Kongo, ni lakabu, jina la kupachikwa. Anayemtafuta kwenye maandishi ya zamani hana budi kujua ni lipi kati ya hayo matatu mwandishi alilichagua.

Kilimanjaro nako istilahi inakaa sawasawa. Massawe, Mushi, Lyimo na Kimaro ni koo kweli: mtu huzaliwa ndani ya jina, na wazao wa kaka na wa mdogo wake hubeba jina moja hata wakitengana vizazi vitano. Pengine ndiyo sababu jina la ukoo halikuwahi kupingwa kama tafsiri ya surname ya Kiingereza. Palikuwa na watu ambao kwao lilikuwa la kweli tupu.

Ushirombo si hivyo. Hapa ni nchi ya Wasumbwa, na kwa miongo mingi sasa pia ya Wasukuma na Wanyamwezi waliohamia na ng'ombe, mashamba na baadaye dhahabu. Kwa watu hawa jina la asili ni la mtu mmoja, na mara nyingi linasimulia alivyozaliwa. Mapacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Aliyetanguliza miguu ni Kashinje. Mabula na Kabula, wa kiume na wa kike, ni watoto wa mvua. Mayala ni wa njaa. Koo zipo, na zina majina, kwa mfano Babinza wa Usukuma. Lakini jina la ukoo wa namna hiyo hutajwa kwenye salamu, kwenye msiba na kwenye mazungumzo ya posa. Kwenye cheti cha shule halionekani. Linaloonekana ni jina la baba au la babu.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha matokeo yake. Tuseme Mabula alizaa mapacha, Kulwa na Doto, kisha Shija. Wote watatu ni ng'wana Mabula, mwana wa Mabula, na kijijini hakuna anayewachanganya. Watoto wao wanapelekwa shule na mwalimu anauliza jina la baba. Wa nyumba ya kwanza wanaandikwa Kulwa, wa pili Doto, wa tatu Shija. Majina hayo yanaingia kwenye vyeti, vyeti vinaingia kwenye ajira, na wajukuu, badala ya kupokea jina la baba yao kama zamani, wanaendelea na lile lililokwisha kuandikwa. Katika vizazi viwili ukoo mmoja umekuwa, kwenye karatasi, koo tatu zisizofahamiana. Wakati huohuo maelfu ya watu kutoka Tabora hadi Mwanza wanaitwa Shija bila udugu wowote, kwa sababu tu babu wa kila mmoja alizaliwa baada ya mapacha.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Mwalimu Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaitwa Kambarage, na alipobatizwa mwaka 1943 akachagua Julius. Nyerere lilikuwa jina la baba yake, Nyerere Burito, chifu wa Wazanaki, aliyepewa jina hilo kwa sababu alizaliwa wakati wa uvamizi wa viwavi. Kwa babu yake jina la nyumba lingekuwa Burito. Leo Nyerere limekuwa jina la familia bila ubishi, lakini anayelitafuta katika karne ya 19 akitumaini kukuta ukoo wa akina Nyerere atakuta mtu mmoja tu. Kule Tabora jina la Fundikira, mtemi wa Unyanyembe wa katikati ya karne ya 19, lilipita njia hiyohiyo hadi kwa Chifu Abdallah Said Fundikira, aliyekuwa Waziri wa Sheria baada ya uhuru. Ubini ulioganda kwa namna hii ndio unaoitwa jina la ukoo katika sehemu kubwa ya Tanzania ya bara.

Umeganda lini? Kwa Ushirombo jibu linatafutwa kwanza kanisani. Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadre Weupe, walifungua misheni hapa mwaka 1891, na vitabu vya misheni za wakati huo vimetangulia usajili wa serikali kwa miongo kadhaa. Sheria ya vizazi na vifo ya mwaka 1920 haikuwalazimisha Waafrika wa Tanganyika kujiandikisha, hivyo kwa babu aliyezaliwa mwaka 1915 au 1930 cheti cha kuzaliwa si cha kutegemea. Kitabu cha ubatizo kinaweza kuwepo.

Kitabu hicho, kwa Kilatini Liber baptizatorum, hakina nafasi ya jina la ukoo. Kwa kawaida mstari mmoja una namba, tarehe ya ubatizo, jina la Kikristo, jina la asili, baba, mama, msimamizi na padre aliyebatiza. Ingizo la Shija wa mfano wetu lingesomeka: Josephus, Shija, filius Mabula na Kabula. Filius ni mwana, filia ni binti. Ndio ubini uleule ukiwa umevaa Kilatini. Maneno ya kuonyesha kwamba wazazi hawakuwa Wakristo hufuata mara nyingi. Mtafiti mwenye haraka huishia kwenye jina la Josephus, naye anakuwa amekosa nusu ya hazina, maana jina la mama limeandikwa kwa haki yake, si kama mke wa fulani. Daftari za kodi, zilizoorodhesha wenye nyumba na baadaye wanaume wazima, hazikufanya hivyo.

Pembeni mwa mstari ndipo penye utajiri zaidi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, na ya 1983 baada yake, inataka kipaimara na ndoa ya mtu viandikwe kwenye kitabu cha mahali alipobatizwa, popote alipofungia ndoa. Hivyo kando ya jina la Josephus huweza kuonekana, kwa wino mwingine na mwandiko wa padre mwingine, tarehe ya ndoa na jina la parokia ya mbali. Kwa ukanda huu hilo si jambo dogo. Mgodi wa Geita ulichimbwa kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, ukafunguliwa upya mwaka 2000. Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Na machimbo ya wachimbaji wadogo hayana hesabu. Vijana waliondoka nyumbani wakiwa na jina moja, na kambini huko mtu huitwa lolote lenye kushika. Maelezo ya pembeni huweza kuwa uzi pekee unaomfunga mtu wa machimboni na mama aliyemzaa.

Tahajia ina mitego yake. Waandishi walikuwa Wafaransa, Waholanzi na Wajerumani, na kila mmoja alisikia kwa sikio la kwao. Anayetafuta Shija aangalie pia Chija, kwa sauti ya Kifaransa, na Schija kwa ya Kijerumani. Ng' na ng'w ziliwashinda wengi, na r na l zilibadilishana nafasi kila mahali. Haikuwa kwamba lugha ilidharauliwa: Padre Capus wa shirika hilohilo alichapisha sarufi ya Kisumbwa mwaka 1898, miaka saba tu baada ya misheni kuanza.

Wapo ambao nasaba yao inagota ukutani. Katika miaka ya mwanzo misheni ilipokea watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mtoto aliyetekwa akiwa mdogo hangeweza kutaja baba, na safu ya baba ikiwa tupu hakuna kitabu kingine cha kuijaza. Kilichobaki ni kumbukumbu za kila siku za misheni. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika, aliagiza kila kituo kiandike habari zake siku kwa siku, na kumbukumbu hizo zimehifadhiwa Roma. Kiswahili sanifu kinaziita nazo shajara. Neno moja linabeba kitabu cha siku na mti wa nasaba. Ushirombo mtafiti huhitaji cha kwanza ili achore cha pili.

Maandishi ya serikali yalileta bin bara. Makarani, wengi wao wa kutoka pwani au waliofundishwa na watu wa pwani, waliandika Masanja bin Mabula hata kama Masanja hakuwa Mwislamu, na kosa la kawaida la watafiti ni kuhitimisha dini kutokana na neno hilo. Mahakama zikaja na s/o na d/o (son of na daughter of, yaani mwana wa na binti wa), ambazo zimo katika majalada hadi leo. Zote ni ubini mtupu, na pengine ni za kweli zaidi kuliko fomu za sasa, kwa sababu zinakiri kwamba jina la pili ni la baba.

Kuyafikia majalada hayo kunahitaji kujua historia ya mipaka. Ushirombo ilihesabiwa chini ya Kahama, mkoani Shinyanga, hadi Bukombe ilipofanywa wilaya miaka ya 1990, na ikahamia Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Kikanisa ilikuwa Vikarieti ya Unyanyembe, iliyokuja kuwa Tabora, na tangu 1983 ni Jimbo la Kahama. Karatasi hazihami kila mpaka unapohama. Za wakati wa Wajerumani na Waingereza ziko kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Kuna fundo moja ambalo daftari haliwezi kulifungua peke yake. Katika Unyamwezi palikuwa na ndoa za aina mbili: ya mahari, na nyingine isiyo na mahari, iitwayo butende. Mtoto wa butende alihesabiwa upande wa mama mpaka baba amkomboe kwa malipo. Jina la pili la mtu wa namna hiyo linaweza kuwa la babu mzaa mama, na silsila inayopandishwa kwa jina hilo inaingia katika ukoo mwingine bila mtafiti kujua. Mwanaanthropolojia R. G. Abrahams alieleza ndoa hizo katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu watu wa Unyamwezi, lakini kujua fulani alizaliwa katika ndoa gani ni kazi ya kuuliza wazee.

Kwa hiyo shajara ya familia ya Ushirombo ikitaka kusomeka inahitaji safu mbili pale fomu ilipoweka moja: ubini, unaobadilika kila kizazi hadi ulipoganda, na ukoo, usiobadilika lakini usioandikwa popote mpaka aulizwe anayeujua.

Nasaba moja mashuhuri inayotoka Usumbwa, nchi ya Wasumbwa, huonyesha hivyo. Msiri, aliyeondoka upande huu na kusimika dola ya Wayeke huko Katanga, makao yake yakiwa Bunkeya, aliuawa Desemba 1891, mwaka uleule misheni ya Ushirombo ilipofunguliwa. Jina alilozaliwa nalo lilikuwa Ngelengwa. Mjukuu wake, Godefroid Munongo, alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga ilipojitenga mwaka 1960, na Kongo nzima ilimfahamu kwa jina la Munongo, ambalo ni la baba yake. Anayeanza safari ya kurudi nyuma akiwa na jina hilo hufika nalo ngazi moja tu. Ya pili ni Msiri, ambaye kwao ni Ngelengwa. Ya tatu ni Kalasa, baba yake, na huyo ndiye wa kuulizwa Usumbwa.